Utumbo umejikusanya katikati, na mimi nikaandika "mishikamano"

Juzi kati kaniandikia msomaji mmoja, nae ni mtu wa radiolojia, anauliza: "Kaka, ukikuta utumbo mwembamba wote umejirundika katikati ya tumbo, kwenye ripoti unaandika nini?" Nimekaa na hiyo meseji siku mbili maana hapo hapo ndo nilipoanguka mimi.

Ilikuwa zamu ya usiku, dada wa miaka 20 na kitu, anatapika, tumbo linauma linaacha kwa miezi, mwili umekwisha. Eksirei ya kifua safi kabisa. Nikafungua CT, ile picha ya mashine inayoonyesha mwili kwa vipande, nikaona utumbo umetanuka na maji kidogo tumboni, nikaandika umeziba, huenda ni mishikamano, yaani nyuzi za kovu zinazogandisha utumbo, nikasaini nikaenda kwa mgonjwa mwingine. Kwenye fomu walikuwa wameandika hajawahi kupasuliwa. Sikuisoma. Sasa mishikamano ya kuziba utumbo, ambayo mara nyingi huletwa na upasuaji, imetoka wapi kwa mtu ambaye tumbo lake halijawahi kuguswa na kisu?

Daktari wa upasuaji kufungua akakuta utumbo umevikwa utando mweupe mgumu, umefungwa wote kama kiwavi ndani ya kifukofuko. Baiopsi, kile kipimo cha kipande cha nyama, ikarudi TB. Kwenye kikao mkubwa wangu akaweka picha ile ile ukutani, mbele ya intani na wanafunzi, akaniuliza "hii ni nini?" Nilikaa kimya. Mpaka leo nikikumbuka shingo inapata moto, kwasababu angeweza kuniita pembeni.

Usiku ule niliirudia CT peke yangu. Kila kitu kilikuwepo jamani. Ukiitazama kwa mbele, sio zile slaisi za kukata mwili kama mkate tu, unaona kabisa mstari mwembamba uliong'aa kwa dawa ya kontrasti umezunguka mikunjo ya utumbo, na mikunjo yenyewe imefungamana kama ua la koliflawa. Pembeni tezi za limfu, katikati nyeusi, ukingo unang'aa. Na pale utumbo mwembamba unapoingia kwenye utumbo mpana, ukuta umenenepa, sehemu ambayo TB ya tumbo inapenda kuliko zote.

Kwahiyo ndugu zangu someni fomu. Someni fomu kwanza. Na kifua safi kisiwatulize, wagonjwa wengi wa TB ya tumbo mapafu yao hayaonyeshi kitu. Mkipata jibu la kwanza msifunge picha: tafuteni vipovu vya hewa nje ya utumbo maana huenda umetoboka, tafuteni usaha kwenye msuli wa soasi kando ya uti wa mgongo, angalieni kama tezi zimebana mshipa wa pota unaopeleka damu kwenye ini. Na tusijifanye miungu, picha inaweza kufanana na Crohn, ugonjwa wa uvimbe sugu wa utumbo, au na saratani iliyosambaa tumboni, hata CA-125, kipimo cha damu kinachotumika kwenye saratani ya ovari, hupanda kwenye TB, kwahiyo ombeni kipande cha nyama kipimwe. Binti wa watu anaweza kuambiwa ana saratani ya ovari kumbe anahitaji dawa za TB za miezi 6.

Yule msomaji nimemjibu aandike waziwazi "kifukofuko cha tumbo, fikirieni TB", alafu ampigie daktari wa upasuaji mwenyewe usiku huo huo, kwasababu ule utando ukikatwa kwa pupa utumbo unachanika nao.