Halcyon maana yake nini?
Mdogo wangu, hilo "halcyon" uliloliona kwenye tangazo la hoteli hapa Bagamoyo (hutamkwa "halsion") ni sifa ya utulivu: bahari shwari, au miaka ya raha iliyokwisha pita. Asili yake Kigiriki, jina la ndege mdiria. Wagiriki walihadithiana kuwa Alcyone, binti Aeolus, mtawala wa upepo, alifiwa na mume baharini, wote wawili wakageuzwa ndege. Akiatamia, baba huzifunga pepo, siku 14 katikati ya majira ya baridi ya kwao. Wavuvi wetu wanaijua hali hiyo: maleleji, tanga limelegea, ngalawa haisogei. Kwa Kiingereza hufuatwa zaidi na "days" (siku), mtu akikumbuka ya zamani. Hicho "chumba halcyon" cha hoteli hiyo, mh, madoido tu.