Jina la waifai limefichwa, lakini mega bado zinaisha

SWALI: Ninakaa Kadutu, kwenye mteremko, parseli moja na wapangaji wengine. Nina ruta ya laini ya simu. Mega za mwezi mzima zinaisha kabla ya wiki mbili. Fundi alinifichia jina la waifai, akasema sasa hakuna wa kuniibia, lakini hali ni ile ile. Nenosiri ni namba yangu ya simu. Nifanye nini?
Mama muuza vitenge, Bukavu

JIBU: Jambo mama. Kuficha jina hakumzuii mwizi. Ruta bado inatoa mawimbi, na programu za bure hulisoma jina hilo mara simu ya nyumbani inapojiunga. Tena simu nyingi, zikizoea ruta isiyojitangaza, huliita jina lenyewe popote mwenye simu aendako, hata sokoni. Lirudishe lionekane, ila lisiwe jina lako wala la avenyu yenu.

Shida yako kubwa ni nenosiri. Namba zetu za simu hapa Kongo zina tarakimu 10 na zinaanza na 08 au 09. Za kukisia zinabaki 8. Mwizi hana haja ya kukaa mlangoni akijaribu moja moja. Ananasa mawimbi ya pale simu yako inaposalimiana na ruta, anaenda zake, kisha kompyuta inakisia huko kwake na ruta haijui lolote. Kompyuta yenye nguvu inazimaliza namba hizo upesi sana. Na jirani hahitaji hata kompyuta, maana namba yako anayo!

Weka maneno manne au matano yasiyohusiana, mfano sambaza-mwiko-kiatu-radi-pazia (hili lenyewe usilitumie, limeshasomwa na wengi). Nafasi ipo hadi herufi 63, na kila simu utaiandikia mara moja tu, basi urefu usikutishe.

Kuingia kwenye ruta, fungua kivinjari ukiwa umeunganishwa, uandike namba iliyo kwenye kibandiko chini yake, kama 192.168.1.1. Badili kwanza nenosiri la msimamizi (la kufungulia mipangilio ya ruta, si la waifai), kwani lile la kiwandani mara nyingi ni "admin" na kila fundi analijua. Kwenye aina za ulinzi wa waifai chagua WPA3, iliyo mpya. Simu za zamani zikigoma, WPA2 iliyoitangulia inatosha. WEP, ya zamani kabisa, usiiguse, ilivunjwa tangu 2001. Kisha zima WPS, njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au namba fupi bila kuandika nenosiri. Mwaka 2011 ilibainika kwamba namba yake ya tarakimu 8 inakaguliwa vipande viwili, hivyo majaribio 11,000 yanatosha kuipata, nenosiri lako liwe refu namna gani.

Lakini mama, kabla hujamshuku mtu wa parseli, tazama humo humo orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Zima simu moja moja za nyumbani uone kinachobaki. Kama hakibaki kitu, mlaji yuko ndani. Simu ikiona waifai hudhani mega hazina mwisho: inapakua masasisho ya programu, inapeleka picha zote kwenye hifadhi ya mtandaoni, inacheza video kwa ubora wa juu. Nimeona majirani wakinuniana kwa sababu ya hilo, na hakuna aliyeiba. Kwenye kila simu, ingia mipangilio ya waifai yako, iandikishe kuwa mtandao unaopimwa data, na uzime masasisho ya kujiendesha.

Ukitaka kumsaidia mpangaji, washa mtandao wa wageni kama ruta yako inao, uupe nenosiri lake, ulibadili anapohama. La kwako libaki la nyumba.

Ruta iweke juu, watoto wasiifikie. Kile kitundu kidogo cha nyuma, kikibonyezwa kwa sindano sekunde chache, huirudisha ilivyotoka kiwandani, na kazi yote hii itabidi uianze upya.