Piko imemchoma, daktari wa ngozi yuko Unguja: tutume nini kwa simu?

SWALI

Assalamu alaykum daktari. Mdogo wangu wa miaka 19 alipakwa piko mikononi na miguuni Ijumaa usiku kwa ajili ya harusi. Jumapili usiku akaanza kuwashwa, na leo Jumatatu maua yote yamevimba na kutoa malengelenge ya maji, yamefuata mchoro ule ule. Hana homa. Duka la dawa wamempa tyubu wanayosema ina dawa tatu ndani yake, bado hajaipaka. Sisi tuko Wete, na tumeambiwa daktari wa ngozi yuko Unguja. Asubuhi nilimtumia picha mbili daktari mmoja wa mtandaoni, akajibu tu: "Picha haionekani, nieleze zaidi." Nimueleze nini? Na krimu hii aipake au asubiri?
Dada mtu, Wete

JIBU

Waalaykumu ssalaam, dada yangu. Krimu hiyo aiweke kando kwanza, na kama amevaa pete au bangili avue sasa hivi, kwani mkono ukizidi kuvimba zitakuja kukatwa kwa msumeno. Ya picha yatafuata.

Malengelenge yanayofuata mchoro wa piko siku mbili tatu baada ya kupakwa ni mzio wa ngozi, na hina ya majani haina lawama hapo. Hina hutoa rangi ya kahawia au nyekundu iliyoiva. Weusi wa piko unatoka kwenye unga wa rangi ya nywele, na ndani ya unga huo mna kemikali iitwayo parafenilinidiamini, ambayo kwenye maboksi utaiona kwa herufi PPD. Nchi za Umoja wa Ulaya zinataka isizidi asilimia 2 katika rangi ya nywele inapopakwa kichwani, na kwenye ngozi zimeikataza kabisa. Piko inayokorogwa kibakulini nyumbani haina anayeipima.

Muulize mdogo wako kama amewahi kupakwa piko au kutia nywele rangi kabla ya hapo. Mwili usioijua kemikali hii huchukua wiki moja hadi mbili kabla ya kuikataa. Ikizuka siku ya pili au ya tatu, aghlabu mwili uliishaijua zamani. Jibu lake ni miongoni mwa mambo ambayo daktari wako angetaka kuyasoma tangu ujumbe wa kwanza.

Usiku wa leo aoshe mikono na miguu mara moja kwa maji baridi na sabuni laini, bila kusugua. Rangi iliyokwisha kuingia haitoki kwa nguvu. Ndimu, dawa ya kung'arishia nguo na dawa ya meno, ambazo watu huzitumia kufutia piko, zitamuunguza juu ya kuungua. Na kwa kuwa mko Pemba niseme na hili: mafuta ya karafuu yasikaribie hapo. Yana yujeno, ambayo hata ngozi nzima huiwasha, seuze iliyochubuka. Chemsha maji nusu lita, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yapoe, chovya kitambaa safi cha pamba na umuwekee dakika 10 hadi 15, mara tatu au nne kwa siku. Malengelenge asiyatumbue, ile ngozi ya juu ndiyo bandeji bora aliyonayo. Cetirizine ya miligramu 10 usiku si mbaya, ila msiitegemee sana: dawa za namna hiyo hutuliza mzio wa vipele vinavyozuka na kupotea ndani ya saa chache, na mzio wa piko si wa aina hiyo.

Sasa tyubu. Krimu za dawa tatu huwa na steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho), dawa ya fangasi na antibayotiki. Mdogo wako anahitaji hiyo ya kwanza, tena kwa nguvu inayofaa mahali palipoathirika, kwani ya viganja na nyayo haiwi sawa na ya uso. Dawa ya fangasi haina kazi hapo. Antibayotiki ikiwa ni neomycin, nayo ina tabia ya kuleta mzio wake yenyewe juu ya ngozi iliyofunguka. Kuna na ubaya mwengine wa krimu hizi kupakwa kabla ya kuonwa: kama tatizo ni choa, steroidi huondoa wekundu na muwasho kwa siku kadhaa huku fangasi ikienea chini kwa chini, na picha itakayotumwa baadaye haitafanana na ugonjwa wowote. Ndiyo maana swali la "umepaka nini?" linakuja kabla ya mengine yote.

Kabla hujashika kamera, hakikisha hayupo katika hali zisizongoja simu. Midomo au uso kuvimba pamoja na kuhema kwa shida au kizunguzungu. Vidonda mdomoni, machoni au sehemu za siri vinavyokuja na ngozi kuuma na kubanduka, khasa mtu akiwa ameanza dawa mpya ndani ya wiki nane zilizopita. Dawa zenye salfa kama cotrimoxazole, za kifafa kama carbamazepine, nevirapine na allopurinol zinajulikana kwa hilo. Homa pamoja na madoa yasiyofifia ukiyabonyeza kwa gilasi safi. Kwa ngozi zetu tazama viganja, nyayo na ndani ya kope, huko huonekana mapema. Maumivu makali kupita kiasi kuliko kinachoonekana, au uvimbe wa moto unaopanda. Kwa huo wa mwisho, zungushia ukingo wake kwa kalamu na uandike saa. Ukivuka mstari, nendeni. Usitafute wekundu ule wa vitabuni, kwani kwa mtu mweusi ngozi iliyowaka huwa ya zambarau au ya kijivujivu, na mgongo wa kiganja chako utalihisi joto kabla jicho halijaona rangi. Lolote kati ya haya ni la hospitali usiku huo huo.

Kama hana, piga picha upya. Naamini za asubuhi zilipigwa ndani, kwa taa, karibu mno, na khanga imetandikwa chini. Kila kimoja kati ya hivyo vinne kinatosha kuiharibu picha. Mtoeni barazani mchana, kwenye kivuli chenye mwanga, si juani. Zima flashi, maana lengelenge likimulikwa kwa mbele hung'aa na kuonekana bapa. Tandika kitambaa kisicho na maua, cha buluu au kijivu: juu ya shuka nyeupe kamera hupunguza mwanga na ngozi nyeusi ikatoka giza tupu, na juu ya khanga hujikuta inalenga maua ya khanga. Futa kioo cha kamera, tumia kamera ya nyuma, na ondoa ile hali ya kulainisha ngozi ambayo simu nyingi zinakuja nayo imewashwa. Imetengenezwa ili ifute kile kile unachotaka kionekane.

Piga ya mbali inayoonyesha mikono yote miwili mpaka viwiko, ili ionekane ugonjwa umekaa wapi na umeacha wapi. Piga ya kati ya mkono mmoja. Kisha ya karibu, sentimita 20 hadi 30, rula au sarafu ya shilingi 200 ikiwa pembeni. Ukisogea zaidi ya hapo simu nyingi hazioni vizuri. Afadhali ubaki mbali kidogo, yeye ataivuta mwenyewe. Gusa kioo pale penye lengelenge, subiri kamera itulie, ndipo ubofye. Ongeza moja ambayo mwanga unakuja kwa ubavuni, hiyo ndiyo inayoonyesha kilichoinuka na kilicholala. Mwisho tyubu, pande zote mbili, maandishi madogo yasomeke. Zitume WhatsApp kama dokumenti, au chagua HD. Zikienda kawaida hubanwa na ukingo wa vipele ukapotea. Picha tano za asili hula kama megabaiti 15 hadi 25 za bando. Kutumiana za ovyo siku mbili hula zaidi.

Pamoja na picha andika maelezo yote kwenye ujumbe mmoja. Daktari anayesoma picha zilizotumwa hukaa nazo dakika chache baina ya wagonjwa, na kila swali analolazimika kukurudishia hukupeleka nyuma ya foleni. Ujumbe wako ungeweza kuwa hivi:

"Msichana wa miaka 19, kilo 52, Wete. Alipakwa piko mikononi na miguuni Ijumaa saa 2 usiku. Muwasho Jumapili usiku, malengelenge Jumatatu asubuhi, yanafuata mchoro tu, zaidi mkono wa kulia. Anawashwa sana, maumivu kidogo. Hana homa, hana vidonda mdomoni wala machoni, anapumua vizuri, uso haukuvimba. Mwaka jana alipakwa piko akawashwa kidogo. Hatumii dawa nyengine, hana mimba, hajui kama ana mzio wa dawa. Mpaka sasa tumetumia maji ya chumvi tu. Tyubu ya picha ya tano haijapakwa. Nyumbani hakuna mwengine anayewashwa. Apake nini, kwa siku ngapi, na tukamwone nani leo?"

Hiyo "hakuna mwengine anayewashwa" isikupite. Kwa mtu mwenye upele, sentensi hiyo peke yake mara nyingi huamua dawa, kwani upele hutibiwa nyumba nzima kwa siku moja. Na kwa vipele vilivyojipanga upande mmoja wa mwili, eleza kama maumivu yalitangulia vipele. Mkanda wa jeshi huuma au kuchoma siku kadhaa kabla haujatoka, na dawa yake, aciclovir, hufaa zaidi ikianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitoke. Kile kidudu chembamba chekundu na cheusi kinachozunguka taa wakati wa mvua nacho huacha mstari unaofanana na huo, lakini mtu hulala mzima akaamka nao, kwa sababu sumu yake huchukua saa nyingi, aghlabu 12 hadi 36, kuonekana baada ya kumponda juu ya ngozi.

Kuhusu nani wa kumtumia, njia ninayoipendelea si ya moja kwa moja. Nendeni Hospitali ya Wete, tabibu amuone, apime joto, aguse, kisha yeye ndiye ampelekee picha daktari wa ngozi kwa ridhaa ya mdogo wako. Jibu likirudi linamkuta mtu anayeweza kutoa dawa na kumtazama tena. Kwa tatizo hili khasa huenda hata hapatakuwa na haja ya kumsubiri mtaalamu: steroidi kali ya kupaka kwa siku 7 hadi 10, au vidonge vya prednisolone pakiwa pameenea sana, ni dawa ambazo daktari wa kawaida anazijua. Mtaalamu anahitajika pale picha haieleweki au dawa haikushika.

Mkiamua kwenda kwa wa mtandaoni, mtakeni jina lake kamili na namba ya usajili, na mziulizie kwa baraza linalosajili madaktari upande anaofanyia kazi, Zanzibar au Bara. Anayetaja dawa kabla ya kuuliza mimba na dawa nyengine, au anayeuza kikopo chake kisicho na lebo, mwacheni. Vikopo vya namna hiyo mara nyingi ni mkorogo uliobadilishwa jina. Programu zinazotaja ugonjwa kwa kupiga picha nazo zisiwape moyo sana, kwani nyingi zimefundishwa kwa picha za ngozi nyeupe. Jibu la maana huja kwa maandishi: jina la dawa, nguvu yake, kiasi, mara ngapi, siku ngapi, na lini mrudi. Krimu inayotoka tyubuni tangu ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima mpaka pingili ya kwanza inatosha eneo la viganja viwili.

Uso usionekane kwenye picha kama haukuathirika. Sehemu za siri, na mwili wa mtoto usio na nguo, visipigwe wala kutumwa kwa simu. Ombeni tabibu wa kike kituoni, hiyo ni haki yake mgonjwa. Mkimaliza, futeni kwenye galari na kwenye hifadhi ya mtandaoni ambako simu huzipakia yenyewe, lakini baada ya kupona, maana siku ya 3 na ya 7 mtapiga tena mahali pale pale, saa ile ile, umbali ule ule. Kama siku ya 3 uvimbe haujapungua, au maji yamegeuka usaha wa manjano na panauma kuliko kuwasha, bakteria wameingia na atahitaji kuonwa ana kwa ana.

Mchoro wenyewe utabaki kwa miezi, mweupe au mweusi kuliko ngozi yake, na krimu za kuchubua zitaufanya uonekane zaidi. Mzio hautaondoka. Piko asipakwe tena, na rangi ya nywele yenye PPD isiguse kichwa chake, kwani safari ijayo uvimbe unaweza kuwa wa uso na macho. Amwambie pia daktari wa meno: dawa za ganzi za jamii ya benzocaine zinaweza kumletea mzio huo huo, ila lidocaine, ambayo ndiyo hutumika zaidi, kwa kawaida haina tatizo kwake. Hina ya majani ataendelea kuipaka, maadamu anaisaga mwenyewe au anajua kilichotiwa ndani.