Maswali na majibu: Mwanamke Mhindu na mirathi

*Rafiki yangu wa Dhaka anasema baba yao alipofariki, kaka zake walichukua vyote. Ndiyo sheria?*

Ndiyo, kama ni Mhindu. (Mhindu ni wa dini, Mhindi ni wa asili ya India. Tusichanganye.) Wahindu wa Bangladesh ni wachache, na mirathi yao bado inafuata kanuni za kale za Dayabhaga, mfumo wa mirathi wa Wahindu wa Bengal: mwana, mjukuu na kitukuu wa kiume humtangulia binti. India ilibadili sheria zake mwaka 1956 na 2005, lakini mageuzi hayo hayahusu Bangladesh.

*Na mjane?*

Sheria ya 1937 ya haki za wanawake Wahindu katika mali inampa fungu sawa na la mwana mmoja, na anaweza kudai ligawanywe. Shida ni kwamba ni lake kwa uhai wake tu. Akifa, linarudi kwa warithi wa mume, si kwa ndugu za mjane. Kuuza anaruhusiwa penye hitaji la lazima: deni la marehemu, ibada za mazishi, kodi ya ardhi, matunzo yake. Hapo ndipo wanunuzi wengi huangukia. Hati ya mauzo inasema “kwa shida za nyumbani”, basi, bila kutaja deni gani wala la nani. Mjane akishafariki, warithi wa mume wanakuja kudai shamba lao. Hitaji liandikwe kinaganaga na stakabadhi zihifadhiwe.

Hata hilo shamba lilikuwa na utata. Shemeji mmoja wa Khulna, Bangladesh, alidai mjane hana haki ya ardhi ya kilimo. Septemba 2020 Mahakama Kuu ilimkatalia.

*Baba anaweza kumwachia binti?*

Anaweza, kwa wasia au zawadi. Zawadi ya ardhi iwe na hati iliyosajiliwa, sahihi ya baba na mashahidi wawili, na binti aipokee baba akiwa hai. Ahadi ya mdomo haifui dafu. Dhahabu aliyopewa binti harusini ni mali yake moja kwa moja.

*Sisi Wahindu wa Kenya je?*

Tangu Julai 1981 mnafuata Sheria ya Urithi ya nchi. Pasipo wasia, watoto hugawana sawa, wa kike na wa kiume, aliyeolewa na asiyeolewa. Kosa la kawaida ni kaka kujaza fomu za mahakama na kuwaacha dada walioolewa. Tangazo la maombi hayo likitoka kwenye Gazeti Rasmi, pinga ndani ya siku 30. Zikipita, bado unaweza kuomba hati ya usimamizi wa mirathi ifutwe kwa kuwa warithi walifichwa.