Usichemshe hayo maji ya kisima

Mkuu weka chini hiyo sufuria kwanza. Umesema jamaa kaosha bomba la kupulizia dawa ya wadudu pembeni ya kisima, maji yananuka, unauliza uchemshe muda gani, ununue chujio gani na tangi ulioshe vipi. USICHEMSHE.

Sisi mpira wa kujazia bomba uliachwa umezama kwenye dawa, pampu ikazimwa, mpira ukanyonya dawa ukairudisha kisimani. Sawa, hiyo ajali, ujinga wenyewe ukafuata. Muuza dawa, yule yule aliyeniuzia, akanambia kwa kujiamini kabisa chemsha mpaka harufu iishe halafu tia klorini. Nikamsikiliza! Harufu ikaisha kweli, nikawa natamba kwa majirani kama profesa wa kemia. Kumbe kwenye nyingi ya dawa hizi za kimiminika, ile harufu kali ni ya mafuta wanayoyeyushia dawa, hayo ndo yanapaa. Sumu yenyewe mara nyingi inabaki, na maji yakipungua inazidi ukali, chemsha maji ya chumvi uone kama chumvi inaondoka. Yaani nilikuwa namaliza gesi kuwapikia watu wangu sumu, angalau ilikuwa ya moto. Klorini ndo balaa zaidi, dawa ikiwa klorpirifosi au jamii yake inageuzwa kuwa kitu kikali kuliko cha mwanzo, kinachovuruga mishipa ya fahamu. Na huyo bwana anauza mzigo ambao hata kibandiko chake hajawahi kukisoma!! Nikimkumbuka napata kizunguzungu, na sio cha dawa.

Nikapeleka maji kupima, karatasi ikarudi "salama", nikashangilia tena. Walipima vijidudu tu. Dawa haionekani mpaka ipimwe yenyewe, kwa hiyo nenda na jina la kiambato, lile la maandishi madogo, sio jina la biashara. Na usijitumainie pua, maana WHO kiwango chao cha klorpirifosi ni mikrogramu 30 kwa lita, Umoja wa Ulaya karibu kila dawa moja moja isizidi 0.1. Pua gani hiyo?

Chujio la mkaa maalum linashika dawa nyingi ila likijaa halikwambii, ndo maana nasema usinunue chochote sasa hivi. Tafuta maji mengine ya kunywa na kupikia LEO, pima kwa jina la dawa, vifaa baadaye. Hata akija fundi na suti yake, jibu ni hilo hilo, maji mengine kwanza.

Mtu akianza kutoka mate na jasho jingi, mboni zikawa ndogo, misuli ikamchezacheza, hospitali mbio na kibandiko mkononi. Hicho kibandiko unacho lakini? Kiambato kinaitwaje, kiandike hapa.