Unapoanza ukedi Pinehurst Namba 2

Mdogo wangu unayeanza kubeba mifuko ya gofu Pinehurst, North Carolina, umbali wa kufika kwenye bendera usikushughulishe sana. Yadi mteja wako atazipata hata kwenye kifaa chake. Anachokuhitajia ni kumwambia mpira utue wapi, na mkwaju ukiharibika, uharibikie upande gani.

Sababu ni grini za Donald Ross, yaani sehemu za nyasi fupi zenye kishimo na bendera. Mskoti huyo alisanifu uwanja huu, Namba 2, uliofunguliwa 1907, na aliendelea kuurekebisha kwa miaka mingi. Grini nyingi zimeinuka katikati na kuteremka pembeni kama mgongo wa kobe. Mpira ukitua karibu na ukingo haukai, unashuka taratibu mpaka bondeni. Katika mashindano ya US Open ya 1999, mchezaji John Daly alikuwa shimo la 8, akaupandisha mpira kwenye grini, ukamrudia, akaupiga ungali unatembea. Shimo hilo alilimaliza kwa mikwaju 11.

Mteja akiwa bondeni, mimi humpa fimbo ya kuputi, ile ya kuuviringisha mpira chini. Nyasi za hapo zimekatwa fupi, mpira unaviringika vizuri, na akikosea kidogo bado anabaki upande uleule. Akijaribu kuurusha juu, kosa dogo linaupeleka ng'ambo ya pili ya grini na kazi inaanza upya. Wengine watataka kuurusha tu. Usibishane naye mbele ya wenzake. Muulize ipi anaiamini zaidi, huku umemshikia fimbo ya kuputi mkononi.

Kisha jifunze kuzisoma nyasi. Hizi ni bermuda, hulalia upande mmoja. Ukitazama nyasi zikang'aa, zimelala kuelekea mbele yako na mpira utakimbia. Zikiwa nyeusinyeusi, mpira utakwama. Sogea hadi kwenye kishimo chenyewe uangalie mdomo wake: upande mmoja umekatwa safi, mwingine umechakaa na una rangi ya kahawia. Nyasi zinaelekea huko kulikochakaa. Naamini hakuna kitu kitakachokujengea heshima kwa mteja haraka kuliko hiki.

Na usimwambie mtu kwamba putti fupi, yaani mkwaju wa kuviringisha mpira kishimoni, imeshaingia. Katika US Open ya 2024, hapahapa, mchezaji Rory McIlroy alikosa putti ya mita moja na ushee kwenye shimo la 18, la mwisho. Mpinzani wake Bryson DeChambeau akaja nyuma yake, akatoa mpira kwenye banka, shimo la mchanga, takribani mita 50 kutoka kishimoni, akausogeza karibu, akauingiza na kutwaa ubingwa kwa tofauti ya mkwaju mmoja.

Mchanga nao una mtego wake. Wasanifu Bill Coore na Ben Crenshaw waliurejesha uwanja katika sura yake ya zamani mwaka 2010 na 2011: nyasi ndefu zikang'olewa, ukabaki mchanga mtupu na vichaka vya nyasi ngumu. Kwenye banka, mteja haruhusiwi kuweka fimbo chini nyuma ya mpira kabla ya kupiga. Kwenye mchanga ule wa pembeni anaruhusiwa. Kwa macho unaweza kuvichanganya, kwa hiyo kwenye mashindano muite mwamuzi kabla mteja hajagusa kitu.

Majira ya joto mvua za radi hupiga sana alasiri. King'ora kikilia, mchezo unasimama papo hapo. Usimsubiri amalizie putti yake. Chukua mfuko, mwongoze ndani.