Taja meno kwanza: majibu ya maswali yenu kuhusu grupuseti

Maswali ya grupuseti (seti nzima ya gia, cheni na breki) za baiskeli za mbio yamerundikana, na mengi ni swali moja lililobadilishiwa kanzu. Nimechagua haya machache. Claris, Tiagra, 105, Ultegra na Dura-Ace mtakazozisoma humu ni ngazi za grupuseti za Shimano, kutoka ya chini kwenda juu. Anayetaka nimwambie "nunua hii" bila kunieleza anaendesha wapi, baiskeli yake sasa ina nini na spea atazitoa wapi, atasubiri sana.

Kati ya Tiagra na 105 ipi bora? Pesa yangu inatosha moja tu. (Msomaji, Ruiru)

105. Umeridhika?

Sasa nikujibu lile ambalo ulipaswa kuuliza. Ukiwa Ruiru, Jumapili utaenda Limuru, na iko siku wenzako watakuteremsha hadi Mai Mahiu. Kuteremka ni raha, kurudi juu ni shughuli, na pale mlimani hakuna anayesoma jina lililoandikwa kwenye direla yako, ule mkono wa nyuma unaohamisha cheni. Kinachohesabika ni meno. Chukua mwendo wa kilomita 10 kwa saa, maana mlima ukikaza wengi wetu ndio tunaobaki nao. Ukiwa na 34 mbele na 34 nyuma, kila mzunguko wa pedali unakusogeza kama mita 2.1, kwa hiyo miguu inazunguka mara 79 hivi kwa dakika. Ukiwa na 36 mbele na 28 nyuma, mzunguko mmoja ni mita 2.7 na miguu imeshuka hadi 62. Zile za zamani za 39 na 25 zinakushusha hadi 51, na hapo wanaolipa ni magoti.

Kwa hiyo Tiagra yenye 34 na 34 itakufikisha juu ukiwa bado unaweza kuongea, na 105 yenye 36 na 28 itakufikisha ukiwa umenyamaza. Mtu ananiandikia kurasa mbili kuhusu uzito na rangi, halafu meno hayataji hata kwa bahati mbaya! Muulize muuzaji: gia za mbele zina meno mangapi, na ile kubwa ya nyuma ina mangapi? Akibabaika, inama uhesabu mwenyewe. Tena usidhani utabadilisha kaseti, yaani rundo la gia za nyuma, tu baadaye. 105 ya toleo la R7000 yenye direla fupi inaishia meno 30. Ukitaka 34 inabidi uwe na ile ndefu.

Na msiniletee habari za Pogačar. Ndiyo, alishinda ubingwa wa dunia Kigali Septemba 2025, kilomita 267.5 za kupanda na kushuka, kwa gia za Dura-Ace. Nyinyi angewaacha hata akipewa Claris.

Baiskeli niliyoipata ina Claris na wenzangu kwenye kikundi wananicheka. Niibadilishe? (Msomaji, Moshi)

Badilisha kikundi.

Claris ina gia 8 nyuma. Cheni yake ni ile ile inayovaliwa na baiskeli za gia 6 na 7, kwa hiyo utaipata hata kwa fundi wa chini ya mwembe ambaye hajawahi kuiona 105. Inavumilia vumbi, inavumilia kusahauliwa, na ikipotea kidogo kwenye marekebisho bado inaingia gia. Wanaokucheka wengi wao cheni zao zimelika, nitalifikia hilo.

Ninakaa Nyali, asubuhi ninaendesha kwenda Mtwapa na mara moja moja Kilifi. Ninunue gia za umeme au za waya? (Msomaji, Mombasa)

Swali zuri, na limekuja na barabara zake, shukrani. Kwenu kumenyooka, kwa hiyo wasiwasi wa meno upunguze. Adui wenu ni chumvi.

Chumvi huingia mahali waya unapoingia kwenye ganda lake, hasa kile kipande kifupi cha nyuma kinachojipinda kuelekea direla, ambacho hupokea kila kinachorushwa na gurudumu. Waya unaanza kukwama. Unabonyeza kurudi gia ndogo, cheni inafikiria kwanza, halafu inashuka. Mtu anazungusha kile kikaza waya cha kwenye direla robo raundi, inakaa sawa siku mbili, inaharibika tena. Ukiona hivyo acha kuzungusha. Kunja nyuma mpira wa shifta, ile ya kubadilishia gia kwenye usukani, badilisha hadi gia ndogo kabisa, uchungulie kichwa cha waya. Shifta za Shimano za gia 11, yaani 5800, 6800, R7000 na R8000, zinaukunja waya kwa ukali humo ndani, na nyuzi zake hukatika mmoja mmoja. Ukikuta hata nyuzi mbili zimesimama kama ndevu, badilisha leo. Ukingoja ukatike, kichwa kitabaki ndani ya shifta na nyuzi zitatapakaa kwenye mashine yake, na fundi atakaa nusu siku na kibanio akizichomoa, kama utabahatika kuiokoa. Huko pwani, waya wa chuma kisichoshika kutu, na ubadilishwe kila mwaka hata kama unaonekana mzima.

Gia za umeme zinakuondolea mateso hayo yote. Betri ya Shimano inakwenda kama kilomita 1,000 kwa chaji moja, kwa hiyo kukatika kwa stima si sababu ya kuziogopa. Sababu ni bei ya kuvunjika. Ukianguka, direla ya umeme ndiyo inayofika chini kwanza, na ya kuibadilisha huenda isipatikane nchini wiki hiyo. Jambo lingine dogo lakini linakera: shifta za Shimano za umeme za gia 12 zinakula betri ndogo za CR1632, na dukani kwa kawaida utakuta CR2032, ambazo ndizo SRAM, washindani wa Shimano, wanatumia. Weka za akiba nyumbani.

Mimi, pesa ikiwa ni yangu, ningebaki na 105 ya waya. Dura-Ace na Ultegra za gia 12 zilipotoka mwaka 2021, waya ziliondolewa kabisa kwenye ngazi hizo. 105 ya waya ya gia 12 ikaja 2023, na hapo ndipo ngazi inapoishia kwa sisi tunaopenda kitu ambacho fundi anaweza kukitengeneza kwa koleo.

SRAM au Shimano? (Wasomaji wengi mno)

Ile ambayo fundi wako ana spea zake. Ila breki nyingi za haidroliki za barabarani za SRAM zinatumia mafuta ya DOT na za Shimano zinatumia mafuta ya madini. Ukichanganya, mipira ya ndani inavimba na breki imekwisha. Fundi akikuambia "mafuta ni mafuta", chukua baiskeli yako uondoke.

Nina shifta za Tiagra 4700, nikanunua direla ya 105 ya 5700. Zote ni gia 10 lakini haziingii sawa. Fundi wangu hajui kazi? (Msomaji, Eldoret)

Muombe radhi fundi. Tiagra 4700 ina gia 10 lakini inavuta waya kwa kipimo kingine, si kile cha gia 10 za zamani. Hata Mungu akikupa subira ya Ayubu, hizo mbili hazitapatana. Rudisha direla utafute ya 4700. Na muuzaji aliyekuambia "kumi ni kumi" usimrudie.

Nimeona Ultegra R8000 ya mtumba kutoka Uingereza kwa bei nzuri sana. Niichangamkie? (Msomaji, Nairobi)

Taratibu. Septemba 2023 Shimano walitangaza ukaguzi wa krenki (ile mikono inayoshika pedali) za Ultegra na Dura-Ace za gia 11 zilizotengenezwa kabla ya Julai 2019: 6800, R8000, 9000 na R9100. Krenki hizo ni vipande viwili vilivyogundishwa kwa gundi, na gundi ikiachia, mkono wa krenki unafunguka. Huko Ulaya na Marekani zinakaguliwa bure, na inayokutwa na dalili za kuachia inabadilishwa bure. Ya mtumba ikishafika huku, mkaguzi ni wewe.

Nyuma ya mkono wa krenki, chini kidogo ya tundu la pedali, kuna herufi mbili za tarehe ya kutengenezwa. Zilinganishe na orodha ya Shimano. Halafu osha krenki vizuri, ikauke, ufuate kwa kucha ule mstari wa maungio kwa upande wa ndani. Kucha ikizama, au ukikuta rangi imepasuka, au inalia ukisimama juu ya pedali, iache hapo hapo hata wakikupunguzia nusu. Krenki inayokatika umesimama mlimani inakutupa mbele ya matatu.

105 za miaka hiyo hazimo kwenye ukaguzi, maana krenki zake zimeundwa kwa njia nyingine. Wanunuzi wa mitumba wanaoikimbia 105 kwa sababu "si Ultegra" wajifikirie tena.

Kaseti ya gia 12 itaingia kwenye gurudumu langu la gia 11? (Msomaji, Arusha)

Ya Shimano ya barabarani, ndiyo. Ya SRAM inayoanzia meno 10, hapana, inataka kile kipande cha habu (kitovu cha gurudumu) kinachobeba kaseti kiwe cha aina nyingine.

Grupuseti za Kichina kama Sensah na L-TWOO zinafaa? Bei yake ni tamu. (Msomaji, Kampala)

Zinaingia gia, na kwa anayeanza si mzaha. Lakini agiza na direla ya akiba na kile kipande inachofungiwa kwenye fremu, vyote kwa mkupuo mmoja. Shifta yake ikifa, duka la karibu ni kontena lililo baharini.

Nimebadilisha cheni pekee na sasa inaruka nikikanyaga kwa nguvu. Niliuziwa 105 feki? (Msomaji, Thika)

Hili mnaniuliza kila mwezi. Hapana, hukuuziwa feki. Uliendesha cheni ya zamani hadi ikala meno ya kaseti, na cheni mpya haiwezi kukaa kwenye mashimo yaliyochimbwa na ya zamani. Nunua kaseti, kisha uanze kupima. Chukua tepu ya seremala. Kwenye cheni mpya, kutoka pini moja hadi ya 24 baada yake ni milimita 304.8. Ikifika 306.3 kwenye gia 11 au 12, itoe mara moja, na kaseti yako itazika cheni mbili au tatu kabla ya kuomba kubadilishwa. Pima upande wa juu, na mwenzio akanyage pedali kidogo ili cheni ikazike.